Mwaka Nilioomba Duka la Jebel

Haji Rashidi alipofariki mwezi uliopita, nilikwenda nyumbani kwake Malakia, hapa Juba, kutoa pole nikiwa nimeshapanga kila kitu: nitasalimia, nitakaa nusu saa, nitaondoka. Sipendi kukaa sana kwenye matanga ya mtu niliyewahi kumfanyia kazi, kwa sababu pale kila mtu ana jambo moja analolikumbuka juu yako, na huwezi kujua ni lipi. Chumba cha wanawake kilikuwa cha nyuma, zulia limefunika sakafu nzima, mapazia mazito yamezuia jua, na joto limejaa humo pamoja na ubani na harufu ya nyama iliyokuwa ikipikwa uani. Nilivua viatu, nikajifunga mtandio vizuri kichwani, na kabla sijapata pa kukaa nikasikia naitwa kwa jina ambalo siku hizi haniiti mtu. "Nafula ya ofisi!" Alikuwa Poni, mpishi wetu wa zamani, amenenepa, nywele zimeingia mvi, ameegemea ukuta na kunyoosha miguu kama mwenye nyumba. Miaka kumi na sita hatukuwa tumeonana, na miaka yote hiyo tuliishi mji huu huu mmoja. Akaligonga zulia kando yake kwa kiganja ili nikae. Nikakaa, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa furaha. Nilijiuliza anataka nini.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku, na sijui kama nilizaliwa hivyo au nilifundishwa na mwaka ule. Nikiletewa chai yenye sukari kuliko kawaida huuliza kuna nini. Habari za kwetu Kitale nitaziacha, hazina kazi hapa. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilikuwa na cheti cha kazi za ofisi kutoka chuo kimoja cha Eldoret, na nilikuwa karani kwenye duka la jumla la Haji, Msomali wa Garissa aliyeuza mchele, unga, sukari na mafuta ya kupikia. Duka lenyewe lilikuwa hapo hapo Malakia. Mbele kaunta, nyuma stoo, na katikati vyumba viwili vilivyogawanywa kwa ukuta wa plaiwudi: ofisi ya Haji na jiko. Kazi yangu ilikuwa kupokea malori yaliyotoka mpakani Nimule, kukagua karatasi na mizigo, na kuwapigia simu madereva waliopotelea njiani na visingizio vyao. Meza yangu ilikuwa kwenye ujia, mgongo wangu ukielekea jikoni, kwa hiyo kila aliyekwenda kwa Haji alipita mbele yangu na kila aliyekwenda kwa Poni alipita nyuma yangu. Nilijua nani ameingia, ametoka saa ngapi, na ametoka na sura gani.

Saa saba Haji alikula na wanaume wake stoo, sinia moja la wali na nyama ya mbuzi, wamelizunguka juu ya magunia yaliyolazwa. Mimi na Poni tulikula jikoni. Yeye wali wa Kisomali aliupika vizuri sana lakini hakuula. Alijipikia kombo, mboga za majani zilizopondwa na siagi ya karanga, akaila kwa asida, ugali wa kwao, akanilazimisha nile pia. "Wewe iko kula kama ndege," alikuwa akiniambia. "Mwanaume gani atachukua wewe?" Kiswahili chake alikitoa Uganda, alikokimbilia vita akiwa mdogo, na alikichanganya na Kiarabu cha Juba bila kuomba ruhusa ya mtu. Nilimpenda. Nalisema hili waziwazi kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani sikumpenda. Jiko lile lilikuwa na dirisha moja dogo lililotazama ukuta wa jirani, masufuria yananing'inia, na kibao kimoja kirefu tulichokalia sote wawili, bega kwa bega, tukisikia kila kitu kinachosemwa ofisini. Haji alipopandisha sauti plaiwudi ilitetemeka. Poni alikuwa akinyoosha kijiko kuelekea ukutani na kunitafsiria kwa macho.

Siku moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza, aliniinamia sikioni. "Mimi napeleka chai, wao naongea, mimi nasikia. Haji iko anatafuta mtu ya kukaa na duka mpya kule Jebel. Duka kubwa. Lakini hii maneno ibaki hapa kwa sufuria." Sikulala vizuri wiki nzima. Jebel! Msimamizi wa duka zima, mwenye funguo, mwenye watu chini yake, si karani wa kukaa ujiani kama mlinzi. Nilihesabu waliokuwepo na nikaona hakuna mwingine. Yusufu, mtunza stoo, alikuwa mtu mwema wa Garissa pia, lakini kusoma kulimpiga chenga, ingawa hata yeye nilimshuku kwanza kwamba anaimezea mate Jebel. Nikamwambia Poni nitakwenda kwa Haji kuomba. Uso wake ukabadilika. "Aaa, hapana. Wewe hapana sema kitu. Kaa kimya tu." Nikamuuliza kwa nini. "Hapa si Kenya," akasema, akageukia sufuria na kuanza kuisugua ilhali ilikuwa safi. Nikajifanya nimekubali. Moyoni nikasema: kwa hiyo huyu naye ana mtu wake.

Ukishaanza kumshuku mtu, kila anachofanya kinakupa haki. Nilianza kuona Poni anakaa ofisini muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Anatoka na sinia tupu, ananiona, anatabasamu, anapita. Nikiingia jikoni anakatiza wimbo. Nilikumbuka ana binamu yake aliyekuwa amesoma Kampala na alikuwa hana kazi, msichana mrefu aliyewahi kuja kumsubiri pale mlangoni na kutazama duka letu kama anayelipima mapazia. Basi siku moja Poni alikuwa ndani na chai, mimi nimeingia jikoni kuchota maji, nikasikia jina langu. Walikuwa wakiongea Kiarabu, lakini kufikia wakati huo Kiarabu cha Juba nilikielewa vya kutosha. Poni alikuwa akimwambia Haji kwamba Wakenya wa hoteli kule mtoni wananitaka, kwamba wameshanizungumzia, kwamba siku yoyote nitaondoka. Nilishika jagi mpaka vidole vikauma. Ni kweli meneja mmoja wa hoteli alikuwa amenitania hivyo siku nilipompelekea hati, na mtu pekee niliyemsimulia utani huo alikuwa Poni. Sasa ameubeba na kumpelekea Haji, ili Haji anione msaliti, ili Jebel iende kwa binamu. Niliona mpango wote mbele yangu, safi kabisa, wenye mwanzo na mwisho.

Pale chuoni Eldoret tulikuwa na mwalimu wa kazi za ofisi, mwanamke mkali aliyevaa koti hata wakati wa joto, na alitufundisha namna ya kuomba kupandishwa cheo kama wengine wanavyofundishwa katekisimu. Usimwambie mkubwa wako shida zako. Shida kila mtu anazo. Mwambie ulichomfanyia. Kiandike tangu siku ya kwanza, pamoja na tarehe, maana asiyeandika hakumbukwi. Omba kwa barua, chagua siku ambayo hana hasira, usijitetee kabla hujashtakiwa. Mimi nilikuwa nimemtii neno kwa neno. Nilikuwa na daftari la jalada la bluu ambamo kila siku, tangu nilipoanza kazi, nilikuwa nikiandika kilichotokea dukani. Chumba changu mtaa wa Atlabara kilikuwa na kitanda, meza moja na bati lililolia juani kama kuni zinazopasuka, na humo nilikaa Jumapili nzima baada ya ibada nikichambua daftari na kuandika barua. Nilitaja lori lililokwama Nimule nikalikwamua kwa simu. Nilitaja mchele uliolowa nikaukataa. Nilitaja makosa ya stoo niliyoyagundua kabla hayajaleta hasara. Ukurasa wa pili niliomba, kwa heshima, nifikiriwe kwa usimamizi wa duka jipya la Jebel. Kisha nikasimama mbele ya kioo cha mkononi, nimekiegemeza dirishani, nikajizoeza: "Haji, naomba dakika zako chache." Niliirudia mpaka wanafunzi waliopanga chumba cha pili wakaanza kunijibu.

Nilimpa Haji barua Jumatatu saa nne, akiwa amemaliza chai. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alikuwa mtu mwembamba, ndevu amezipaka hina, na kwa kawaida aliongea huku akifanya jambo jingine. Safari hii aliweka simu kifudifudi mezani.

"Hii barua nani amekuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe, Haji."

"Mbona hukuja tukaongea? Mlango si uko wazi?"

"Niliona barua ni heshima zaidi."

"Heshima," alirudia. "Abaayo, dada yangu, barua zinazokuja kwangu hapa ni za watu wa kodi na za mawakili. Mtu anayekula chakula changu hajawahi kuniandikia barua." Akaigeuza, akatazama nyuma kama kuna kilichofichwa. "Hapa unasema tarehe nne lori lilifanya hivi. Tarehe kumi na moja mchele ulifanya hivi. Yote haya umeyaweka kichwani?"

"La, Haji. Ninayo kwa daftari."

"Daftari gani?"

Laiti ningekuwa na akili kidogo ningesema limepotea. Badala yake nilikwenda mezani kwangu mbio, nikalileta kwa mikono miwili, najivunia. Haji alilifungua katikati. Mwalimu wetu alikuwa amesema tuandike kila kitu, na mimi nilikuwa nimeandika kila kitu. Akasoma kwa sauti: "Wageni wawili wa Haji, mmoja ana miwani, wameingia saa tano, wametoka saa sita, mmoja na bahasha." Akafungua kwingine. "Haji hakuja asubuhi. Yusufu anasema ameenda uwanja wa ndege." Akalifunga, akaweka mkono juu yake.

"Haya ulikuwa unamwandikia nani?"

"Simwandikii mtu, Haji. Ni kumbukumbu zangu tu."

"Mtu haandiki hivi bila mtu wa kumsomea."

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Mjini hapa, miaka ile, mtu anayeandika nani kamtembelea nani na saa ngapi hakuwa akitafuta cheo. Palikuwa na jina la mtu wa namna hiyo, na jina lile likikubandika hutoki nalo. Sikufikiria tena Jebel. Nilifikiria kurudi mpakani kwenye lori moja na magunia matupu, na kabla ya hapo pengine chumba fulani chenye maswali. Nilitaka aone kwamba sifichi chochote, kwamba nitajibu lolote atakalouliza, upesi, bila kusita.

"Na Jebel?" akasema. "Jengo lenyewe sijalilipia bado. Wenzangu wa sokoni wakijua leo, kesho bei inapanda. Jebel nani amekwambia?"

"Poni," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Nimejiambia hivyo miaka mingi, kwamba lilitoka lenyewe, na nusu ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilipolitamka nilihisi kitu kitamu, kama mtu anayelipa kisasi akiwa bado anatetemeka. Mabega ya Haji yakashuka. Alikuwa ameniuliza swali na mimi nimempa mtu. Nadhani kwake huo ndio ulikuwa ushahidi aliokuwa akiutafuta, kwamba nina mdomo, lakini ni mdomo utakaomwambia yeye kila kitu, si wakubwa wengine. Daftari alilichoma mwenyewe uani mchana ule ule, karatasi kwa karatasi, mimi nikiwa nimesimama pale.

Siku iliyofuata Poni alikuja akapika. Siku ya tatu hakuja. Jikoni palikuwa na mwanamume ambaye hakuna aliyemfahamu, na wali uliungua. Haji hakuwahi kumwambia mtu sababu ya kumwachisha kazi. Alimpa mshahara wa mwezi ule na mwezi wa mbele, akamwambia Mungu ambariki, basi. Ijumaa baada ya swala aliniita, akanisukumia funguo za Jebel mezani, tatu zikiwa kwenye uzi mweusi. "Utaanza mwezi ujao," alisema. "Na usiandike kitu." Nilitoka mle nikiwa sioni njia kwa furaha. Nilimkuta Yusufu stoo, nikamwonyesha funguo. Hakufurahi wala hakukasirika. Alifagia unga uliomwagika, akafagia tena pale pale palipokuwa safi, ndipo akaniambia.

"Dada Nafula, kwa nini hukungoja?"

"Ningoje nini?"

"Hapa mtu hajiombei. Ukijiombea, mzee anajiuliza una shida gani, na mtu mwenye shida hapewi funguo. Unaombewa. Mtu mwingine anakwenda kusema unatakiwa mahali, kwamba asipokushika mapema utachukuliwa. Poni alikusemea wiki tatu. Kila chai. Mpaka mzee akaniuliza na mimi, nikasema huyo ndiye anafaa. Alikuwa amekubali. Alikuwa anangoja Ijumaa hii tu."

"Mbona Poni hakuniambia?"

"Unamwombea mtu halafu unamwambia? Ikikosekana je? Utakuwa umemwaibisha bure." Akaegemeza fagio. "Mzee ameniambia ulivyomjibu. Mimi sitasema kwa mtu." Na hakusema. Mtu huyo nilikuwa nimemshuku pia, kabla ya wote.

Ningeweza kwenda mtaani kwa Poni, Juba Na Bari, siku ile ile. Nilijua nyumba yake, nilikuwa nimekula pale sikukuu mbili, uani kwao, watoto wake wakinipanda magotini. Ningemwambia, kisha ningemwendea Haji na kumwambia kosa lilikuwa langu. Lakini kumwambia Haji hivyo kungekuwa kurudisha funguo, na mimi nilikuwa nimezifunga kiunoni na kuzisikia zikigongana kila nikipiga hatua. Nikasema nitakwenda Jumapili. Jumapili nikasema nitakwenda nikishapokea mshahara mpya, ili nisiende mikono mitupu. Baadaye nikawa nazunguka njia nyingine nisipite mtaani kwao, kisha ikawa ni kawaida tu, kama mtu asiyependa barabara fulani kwa sababu ya vumbi. Duka la Jebel nililisimamia miaka mitano. Nililojifunza pale ndilo nililofungulia duka langu mwenyewe la vifaa vya ofisi, Atlabara, na ndilo lililosomesha watoto wangu. Leo nina wafanyakazi wanne. Wakitaka nyongeza wanakuja mmoja mmoja, wanasimama mlangoni, nami kabla hawajafungua mdomo nimeshaanza kujiuliza ni nani amewatuma.

Mle chumbani Malakia walileta sinia la wali, wanawake watano kwa sinia moja, na Poni akanitengea nyama upande wangu kama zamani. Aliniuliza habari za watoto. Aliniambia mumewe alifariki, kwamba baada ya kwa Haji aliuza chai kando ya barabara miaka minane mpaka magoti yakakataa. Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja vituo vya safari. Wale wengine walipoinuka kunawa, alinisogelea.

"Nafula, mimi nataka uliza wewe kitu moja. Siku mingi nataka uliza. Ile mtu alinisema kwa Haji, ni Yusufu?"

Nilikuwa na tonge mkononi.

"Mimi nafikiri Yusufu alikuwa anataka Jebel," akasema. "Mimi niliombea wewe, yeye akakasirika, akapeleka maneno. Kabla yeye anarudi kwao Garissa alikuja kwangu nyumbani. Alikaa kwa kiti, akakataa chai. Akaapa kwa Mungu wake si yeye. Mimi nikamwuliza, basi ni nani? Hapana jibu. Mimi nikamfukuza. Watoto walicheka yeye mpaka barabarani." Akashusha sauti. "Sasa wanasema amekufa. Mimi nataka tu kujua kama nilifukuza mtu bure."

Haji alikuwa kaburini. Yusufu alikuwa kaburini. Hapakuwa na mtu wa kuninyang'anya duka wala wa kunirudisha mpakani. Nilimtazama Poni usoni nikitafuta kama anajua na ananijaribu, na hata hapo, mimi mtu mzima wa umri huu, nilikuwa namshuku yeye.

"Ndiyo," nikasema. "Ni Yusufu."

Alipumua kwa muda mrefu, akalaza mkono wake juu ya wangu, ukiwa bado na mafuta ya wali. "Kwes, iko sawa," alisema. "Kwisha. Sasa mimi naomba wewe samahani, dada yangu. Siku ingine, huko kwa barabara nauza chai, shetani alikuwa anakuja ananiambia ni wewe."

Nikamwambia nimemsamehe.